Vidukari huingiaje shambani, na kwa nini batobato huendelea kuenea hata baada ya wao kufa?

Mpanda Kunde

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Naomba mnisaidie kuelewa jambo ambalo nimelifuatilia shambani kwa wiki 5 sasa na bado halijanikaa sawasawa akilini.

Nimepanda kunde katika shamba la mstatili ambalo upande wake mmoja mrefu unapakana na safu ya miti. Siku kama 12 baada ya kunde kuota, nilikuta vidukari weusi kwenye vichomozo vya mimea michache iliyo karibu na miti hiyo. Kwenye kila kichomozo palikuwa na mmoja mwenye mabawa, na ubavuni mwake watoto watatu au wanne wa rangi ya kijivu, kana kwamba wamepakwa majivu, wametulia huku midomo yao imezama kwenye shina. Mimea yenye wadudu haikuzidi 15, kwa hiyo niliona palizi ndiyo kazi yenye haraka zaidi. Niliporudi kuangalia siku 9 baadaye, mimea ile ilikuwa imefunikwa kuanzia ncha hadi vikonyo vya majani, na mimea jirani kwenye mstari ilikuwa imeshavamiwa. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba katikati ya shamba, zaidi ya hatua 40 kutoka kwenye miti, palikuwa na mafungu mengine manne ya mimea iliyovamiwa, ilhali baina ya hapo na ukingoni mimea ilikuwa safi kabisa.

Nilipulizia dawa, na vidukari wakafa. Hata hivyo, kama wiki 2 baadaye, majani ya mimea mingi yalianza kuonyesha dalili za ugonjwa wa batobato, yaani mabaka ya kijani na manjano, yakajikunja na kudumaa, hata kwenye mimea ambayo nina hakika sikuwahi kuona kidukari hata mmoja.

Maswali yangu ni haya. Vidukari walifikaje katikati ya shamba bila kugusa mimea ya njiani? Wale wasio na mabawa, ambao ndio wengi, huhamaje? Na ikiwa dawa iliwaua, ni nani aliyeendelea kueneza batobato?

Mchunguza Wadudu

Ndugu Mpanda Kunde, umeyatazama mambo haya kwa makini, na sehemu kubwa ya jibu la maswali yako mawili ya kwanza imo katika maelezo yako mwenyewe. Kwa rangi ulizozitaja, mdudu wako ni kidukari wa kunde, ambaye jina lake la kitaalamu ni *Aphis craccivora*: aliyekomaa huwa mweusi wa kung'aa, na tunutu wake, yaani mtoto ambaye hajakomaa, huwa na unga mwepesi wa nta unaomfanya aonekane wa kijivu.

Vidukari wana njia mbili za kuenea, na kila moja ina mwendo wake na alama zake shambani. Safari ndefu hufanywa na wenye mabawa, ambao ni wachache. Safari fupi ya kutoka mmea hadi mmea hufanywa zaidi na wasio na mabawa, kwa miguu. Ukizichanganya njia hizi mbili, ramani ya shamba lako haitaeleweka.

Nianze na wenye mabawa. Kidukari ni mrukaji dhaifu. Mwendo wake mwenyewe ni kiasi cha mita 1 kwa sekunde, hivyo upepo ukizidi hapo ndio unaoamua aende wapi. Anapoondoka kwenye mmea alikozaliwa, kwanza huvutwa na mwanga wa anga, na kwa sababu hiyo hupanda juu hadi hewa imbebe. Baada ya kuruka kwa muda, mvuto huo hupungua na badala yake huanza kufuata mwanga wa rangi ya manjano na kijani unaotoka kwenye mimea, akashuka. Hii ndiyo sababu mitego ya kunata na mabakuli ya maji ya kuwanasa hupakwa rangi ya manjano. Uwezo wao wa kusafiri angani si wa kudharau: kituo cha utafiti cha Rothamsted huko Uingereza kimekuwa kikinasa vidukari tangu 1964 kwa mitego ya kufyonza hewa iliyo juu ya ardhi kwa mita 12.2, yaani juu sana kuliko zao lolote la shambani. Upepo mzuri unaweza kuwabeba mamia ya kilomita.

Sasa ile safu ya miti. Watu wengi hudhani wadudu wametoka kwenye miti yenyewe. Inawezekana magugu ya jamii ya mikunde yaliyo chini yake yaliwahifadhi, na inafaa uyakague. Lakini kuna sababu nyingine inayosahaulika. Upepo ukipita juu ya miti, upande wa pili hewa hutulia, na wadudu wepesi waliokuwa wakibebwa huangukia hapo, kama vile makapi yanavyorundikana kwenye kona ya uwanja yenye kinga. Jiulize upepo wa majuma yale ulitoka wapi. Kama ulipita kwanza kwenye miti ndipo ukaingia shambani, basi umepata jibu la kwa nini ukingo ule ulitangulia.

Kuhusu mafungu ya katikati: mwenye mabawa hashuki mara moja na kukaa hapo hapo maisha yake yote. Hutua, huchoma jani ili kuonja, na asiporidhika huruka tena hatua chache. Hata akiupenda mmea, mara nyingi huacha watoto wawili au watatu kisha huenda mwingine, na mwingine tena, mpaka misuli yake ya kurukia iyeyuke na kugeuzwa kuwa chakula cha uzazi. Kila fungu ulilolikuta huenda ni kazi ya mama mmoja au wawili waliorukaruka namna hiyo. Ningependa pia kujua kama mafungu hayo hayakuwa mahali penye mapengo ya uotaji, kwa maana vidukari hutua zaidi pale ambapo mmea mmoja mmoja wa kijani unaonekana dhidi ya udongo mtupu kuliko mahali ambapo majani yamefunika ardhi.

Baada ya hapo kazi inabaki kwa wasio na mabawa. Majike hawa huzaa bila kupandwa na dume, tena huzaa watoto walio hai, na ndani ya kila mtoto anayezaliwa tayari kuna viini vya wajukuu vinavyokua. Katika joto la kutosha, mtoto huanza kuzaa akiwa na umri wa siku 7 hadi 10 hivi. Tuseme kila jike linaacha watoto 40 wanaosalimika na kukomaa, na kizazi kimoja kinachukua siku 10: mmoja huwa 40, kisha 1,600, kisha 64,000 ndani ya siku 30. Shambani hawafiki huko kwa sababu ya mvua, maadui na uhaba wa chakula, lakini hesabu hiyo inaonyesha uzito wa zile siku 9 zilizopita kabla hujarudi kuwatazama.

Wasio na mabawa huhama kwa kutembea kwenye majani yaliyogusana, au kwa kuanguka chini na kutafuta shina jingine. Tazama kwa karibu pale mdudu mla-vidukari anapowashambulia: aliyekamatwa hutoa tone dogo kwenye vimirija viwili vilivyo mgongoni, harufu yake huwashtua wenzake, nao huchomoa midomo, hutawanyika na wengine hujiangusha. Wanapobanana sana, au mmea unapoanza kukauka, akina mama huanza kuzaa watoto watakaoota mabawa. Ukiona tunutu wenye vifuko vidogo mabegani, ambavyo ni mabawa yanayoota, elewa kwamba kundi linajiandaa kusafiri na kwamba dawa itakayopigwa baada ya wiki itawakuta wameshaondoka.

Mbegu Safi

Namshukuru mchangiaji aliyetangulia. Nami nitajibu swali la tatu, kwa sababu mimi mwenyewe lilinigharimu msimu mzima kabla sijalielewa.

Batobato husababishwa na virusi, na virusi vya mimea havibebwi na vidukari kwa namna moja. Kuna virusi vinavyokaa kwenye ncha ya mdomo tu. Kidukari huvipata kwa kuonja jani lenye ugonjwa kwa sekunde chache, na huviacha kwa kuonja jani lingine kwa muda kama huo. Akishaonja mimea kadhaa, au saa chache zikipita, mdomo wake huwa safi tena. Virusi vya batobato ya kunde vinavyoenezwa na vidukari vimo katika kundi hili. Kuna virusi vingine ambavyo lazima vifyonzwe kwa saa kadhaa, vipenye tumboni, vizunguke mwilini na kufika kwenye tezi za mate kabla kidukari hajaweza kuambukiza, lakini vikishafika huko hudumu naye kwa siku nyingi, pengine maisha yake yote. Ugonjwa wa rozeti wa karanga ni mfano wake, na la kuzingatia ni kwamba unaenezwa na kidukari yuleyule wa kunde.

Tofauti hii ndiyo inayoamua kama dawa itasaidia. Kwa rozeti, kumuua kidukari mapema kunaweza kuzuia maambukizi, kwa sababu anahitaji muda wa kutulia na kufyonza. Kwa batobato, hakuna dawa inayoua kwa haraka kuliko sekunde anazohitaji kuonja. Anaweza kufa dakika 20 baadaye, na mmea ukawa umeshaambukizwa.

Sasa fikirieni wale wenye mabawa wanaopita tu. Kidukari wa mahindi au wa kabichi hawezi kuishi kwenye kunde, lakini hawezi kujua kuwa hizi ni kunde mpaka achome na kuonja. Akionja mmea mgonjwa, akakataa, akaruka hadi mmea wa jirani, akaonja tena na kukataa, ameshaeneza ugonjwa na ameondoka bila kuacha mtoto wala gamba. Ndiyo maana umeona batobato kwenye mimea ambayo hukuwahi kuona kidukari. Kuhesabu makundi yaliyotulia kunakuambia kiasi cha utomvu kinachopotea. Hakukuambii virusi vinasafiri kwa kasi gani.

Linabaki swali moja ambalo naomba ulijibu kwa ukweli, ndugu. Virusi hivi vilitoka wapi mwanzoni? Virusi vya batobato ya kunde hupita pia kwenye mbegu. Mbegu zako ulizitoa wapi?

Mpanda Kunde

Nashukuru sana kwa majibu haya, hasa kwa muda mliotumia. Nimerudi shambani jana asubuhi nikiwa na maswali yenu mkononi, na ninayaleta niliyoyaona.

Upepo wa majuma yale ulikuwa ukipita kwenye miti kwanza. Mafungu matatu kati ya manne yamo mahali ambapo mbegu hazikuota vizuri na udongo umebaki wazi. Fungu la nne liko kwenye mstari uliojaa vizuri, na sioni sababu yake. Chini ya miti kuna magugu ya jamii ya mikunde yanayotambaa, na nilipogeuza ncha zake nilikuta vidukari weusi wachache pamoja na magamba meupe mengi waliyojivua.

Mbegu ni zangu mwenyewe, nilizobakiza msimu uliopita, na msimu huo palikuwa na majani yenye mabaka ambayo nilidhani ni upungufu wa mbolea. Nakumbuka pia kwamba mwaka huu, kabla sijaona kidukari yeyote, miche kama 10 ilitoa majani ya kwanza yakiwa yamekunjamana na yenye rangi isiyo sawa. Nilifikiri ni jua. Niliiacha.

Mbegu Safi

Basi hiyo miche 10 huenda ndiyo ilikuwa chanzo. Mmea uliozaliwa na virusi uko tayari ndani ya shamba, na huhitaji tu kidukari mmoja wa kupita ili ugonjwa uanze kuhama. Kama ingeng'olewa siku ile ilipoonekana, vidukari wangefika vilevile kwa upepo, wangezaliana vilevile, lakini wengi wao wangekuwa na midomo isiyo na virusi.

Msimu ujao usitumie mbegu za shamba hili, hata zile za mimea inayoonekana na afya, kwa sababu mmea ulioambukizwa ukiwa umekomaa unaweza usionyeshe dalili kubwa. Pita shambani mara mbili kwa wiki tangu majani ya kwanza yatokee, na uondoe kila mche wenye mabaka bila kuuonea huruma.

Palizi Mapema

Nimefuatilia mada hii kwa furaha. Ningependa kuongeza habari ya sisimizi, ambao naona hawajatajwa. Kwangu mimi ndio wanaoleta vidukari shambani. Popote ninapoona msafara wa sisimizi ukipanda shina, juu nawakuta vidukari, na ninapowazuia sisimizi, vidukari hupungua. Pia nimeona kuwa kupanda mistari miwili au mitatu ya mtama kuzunguka zao husaidia, ingawa sikuwahi kupata maelezo ya kwa nini inasaidia.

Mchunguza Wadudu

Ndugu Palizi Mapema, uliyoyaona ni ya kweli, ila naomba nitofautiane nawe kidogo kuhusu maana yake. Kwa kawaida sisimizi huja kwa sababu vidukari wameshafika. Vidukari hufyonza utomvu mwingi kuliko wanavyohitaji, na ziada huitoa nyuma ikiwa majimaji matamu, ambayo ndiyo chakula cha sisimizi na ndiyo pia huota ukungu mweusi juu ya majani. Ili kulinda chakula hicho, sisimizi huwafukuza mbawakawa wadogo wa mviringo wenye madoa, viwavi wa nzi wanaoelea juu ya maua, na hata nyigu wadogo sana wanaotaga yai ndani ya mwili wa kidukari. Zipo aina za sisimizi wanaowabeba vidukari na kuwahamishia kwenye vichomozo vichanga, lakini hiyo ni safari ya ndani ya mmea au ya mimea iliyo jirani, wala si safari ya kulivuka shamba. Unapowazuia sisimizi, vidukari hupungua kwa kuwa maadui wao wamepata nafasi.

Kwa hiyo, ndugu Mpanda Kunde, kabla hujapuliza tena, chukua kipande cha mmea wenye kundi na ukitazame kwenye mwanga. Ukiona vidukari waliovimba, wa rangi ya hudhurungi, wakavu kama ganda la mbegu na wasiosogea hata ukiwagusa kwa ncha ya kijiti, hao wameshauliwa na nyigu, na ndani yake yumo nyigu mchanga anayesubiri kutoka. Dawa zinazoua kila kitu huwamaliza hao pamoja na mbawakawa, kisha vidukari waliojificha kwenye mikunjo ya majani hurudi kuzaliana bila mtu wa kuwasumbua. Nimeona mashamba yakiwa na vidukari wengi zaidi wiki ya tatu baada ya dawa kuliko yalivyokuwa kabla yake.

Kuhusu mistari ya mtama, maelezo yapo, nayo yanakwenda sambamba na aliyoyasema ndugu Mbegu Safi. Wenye mabawa wanaoingia shambani wakiwa chini hutua kwanza kwenye mmea mrefu wa ukingoni. Hapo huonja, na kwa kuonja huko virusi vilivyokuwa kwenye ncha ya mdomo hubaki kwenye mtama, ambao hauugui batobato ya kunde. Wanapofika kwenye kunde baadaye, mdomo umeshasafishwa. Ukingo kama huo hauwazuii vidukari kuingia, na kwa mkulima ambaye virusi tayari vimo ndani ya mbegu zake hautasaidia sana. Kwa hiyo mbegu iwe ya kwanza, mtama uwe wa pili. Ujazo wa mimea nao usisahaulike: kwenye karanga imejulikana kwa muda mrefu kwamba kupanda mapema na kwa mimea iliyosongamana hupunguza rozeti, kwa sababu ileile ya udongo kufunikwa mapema. Matandazo baina ya mistari hufanya kazi inayofanana na hiyo wakati mimea bado michanga. Na usizidishe mbolea ya naitrojeni, kwani majani laini yenye utomvu mzito ndiyo wanayozalia kwa wingi.

Mpanda Kunde

Nimewaelewa. Leo asubuhi nilitazama vichomozo 20 na kwenye 6 nimewakuta hao wakavu wa hudhurungi. Mmoja alikuwa na tundu la duara mgongoni, limekatwa vizuri kana kwamba kwa sindano. Sitapuliza. Nitafyeka magugu ya chini ya miti leo hii, na nitang'oa mimea yote yenye mabaka makubwa iliyobaki. Swali langu la mwisho: mimea hiyo nikiing'oa, naweza kuilaza baina ya mistari ikawa matandazo?

Mbegu Safi

Hapana, ndugu, tafadhali usifanye hivyo. Mmea ukianza kunyauka, vidukari walio juu yake huchomoa midomo na kutembea hadi mmea mzima ulio karibu, na wengine wanaweza kuwa wameshaonja virusi. Ingia shambani asubuhi na mapema, kabla hewa haijapata joto na wenye mabawa hawajaanza kuruka. Funika mmea kwa mfuko ukiwa bado umesimama, ung'oe ukiwa ndani ya mfuko, ufunge mdomo wake papo hapo, kisha uutoe nje ya shamba na uufukie.

Hata hayo magugu ya chini ya miti usiyafyeke leo, kwa sababu hiyohiyo: wakikosa chakula huko watahamia kwenye kunde zako ambazo bado ni changa kiasi cha kuumia. Yaache mpaka uvune, kisha yafyeke na kuyaondoa wiki kadhaa kabla ya kupanda tena, pamoja na maotea yote ya kunde yatakayochipuka baada ya mavuno, ili vidukari wasipate mahali pa kukaa baina ya misimu.

Mpanda Kunde

Nashukuru kwa kuniwahi, kwa maana panga lilikuwa limeshanolewa. Magugu yatasubiri mavuno. Kesho alfajiri naingia na mifuko.